Mama ya Kosta Haongei

Siku ya tatu uji ulirudi jikoni bila kuguswa. Bochaberi, mpishi, akaufunika. Yule ajuza wa Kigiriki alikuwa anajipinda kitandani, jasho linamtiririka, na hakuna aliyejua anaumwa wapi. Daktari kutoka Kericho alimuuliza, akatazamwa tu. Akaondoka akitikisa kichwa.

"Ni bubu," Kosta, mwanawe mwenye kiwanda cha mbao, alikuwa amemwambia daktari, kama alivyowaambia watu wote wa Londiani tangu amlete kutoka Ugiriki miaka miwili iliyopita. "Waturuki walitufukuza kwetu, huko Uturuki, nikiwa mtoto. Hao ndio waliomziba mdomo."

Julai hiyo ya 1974 redio ilisema wanajeshi wa Kituruki wameingia Kupro, kisiwa chenye Wagiriki wengi. Kosta akaanza kutembea na bunduki hata ndani ya nyumba.

Ndipo Nuri akafika getini kununua mbao. Alikuwa Mturuki, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai.

"Rudi ulikotoka, mbwa wewe," Kosta akamwambia, bunduki mkononi.

"Nataka mbao. Sitaki vita."

"Wewe hapa hata vumbi la mbao hupati."

Kipkemoi, mlinzi wa geti, akamnong'oneza Bochaberi, aliyekuwa ametoka jikoni kutazama. "Sisi wa huku Kericho na nyinyi Wakisii tumeibiana ng'ombe tangu enzi za babu. Lakini hata mama ya mwizi akiugua, si mtu humpa pole? Mwambie bosi amwache aingie atoe pole."

"Nyamaza wewe. Unataka watoto wangu walale njaa?"

Nuri naye damu ikamchemka. Akaporomosha matusi kwa Kituruki, marefu, ya kusikika hadi vyumbani.

Dirisha la ajuza likafunguka.

Akaongea. Kwanza sauti ilikwaruza, kisha maneno yakamwagika kama maharagwe kwenye gunia lililotoboka. Kosta akamfokea, hakunyamaza. Nuri akavua kofia, akamjibu taratibu, kisha akamgeukia Bochaberi.

"Mama, mrudisheni daktari haraka. Tumbo linamuuma hapa, upande wa kulia, tangu Jumapili."

"Umejuaje? Huyu ni bubu."

"Bubu?" Nuri akamtazama Kosta, ambaye sasa alikuwa anatazama viatu vyake. "Anasema Kigiriki hakijui. Kwao Uturuki, nyumbani na hata kanisani, tangu azaliwe ni Kituruki tu. Na huyu mwanawe alimwapisha asikiseme chini ya paa lake."