Kabla Sabato Haijaingia

Kisahani cha jiwe kilikuwa kimeoshwa na kupinduliwa kabatini. Kwa wiki tatu Bitutu alikuwa akikatia humo, kwa wembe, vidonge vyake vya kutuliza wasiwasi, nusu kwa nusu, kama daktari alivyomwagiza mimba ilipojulikana.

"Mama, vidonge vyangu viko wapi?"

Mama mkwe hakuacha kupiga deki. Ilikuwa Ijumaa, na nyumba ilitakiwa kung'aa kabla jua halijazama.

"Nimevitupa chooni. Mjukuu wangu hatalewa dawa tumboni."

"Daktari alisema nipunguze polepole. Nikiacha ghafla naweza kuanguka kifafa. Nilikueleza, Mama. Mara mbili."

"Ulinieleza, nami nikafunga siku tatu nikikuombea." Alikamua tambara. "Imani yako ndiyo haba."

Bitutu alifunga kabati. Utagombanaje na mtu aliyeshinda njaa kwa ajili yako? Na mwenye duka la dawa pale Masimba naye ni Msabato. Ijumaa hufunga saa kumi, hafungui tena mpaka Jumapili. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika arobaini.

Alitia karatasi ya daktari mfukoni, akaketi kuvaa viatu. Kamba zikamshinda. Vidole vilikuwa vikitetemeka, na kadiri alivyovikaza ndivyo vilivyozidi.

Mama mkwe aliviona. Akaliacha tambara, akapiga magoti mbele yake, akafumba macho.

"Tuombe, mwanangu."

"Nifungie kamba kwanza, Mama."