Nondo Kumi na Mbili

Kwa mara ya kumi na tisa wiki hiyo, kompyuta ya mwaka 1994 ilizimika ndani ya kompyuta ya mwaka huu.

Geertje aliegemea kiti akafumba macho. Jikoni alimsikia mumewe akikohoa, kisha akisogeza sahani ya mkate na jibini ambayo bila shaka hakuigusa.

"Imekufa tena?" Wiebe aliuliza.

"Imekufa. Kula basi, Wiebe."

Roshani ya ghorofa ya tatu, katika jengo la kando ya mfereji, ilianguka Novemba ikiwa na mama mmoja na vyungu vyake vya maua. Mama wa watu alivunjika nyonga. Wachunguzi walipopasua zege walikuta nondo sita. Wiebe, mhandisi aliyepiga hesabu za jengo lile miaka thelathini iliyopita, aliapa kwamba aliagiza kumi na mbili. Durk, fundi aliyelijenga, aliapa kwamba ramani aliyopewa ilikuwa na sita. Kesho saa nne asubuhi kamati ingekaa kuamua ni yupi kati ya wazee hao wawili aliyemvunja yule mama.

Makaratasi hayakuwepo. Ya ofisini yaliteketezwa Wiebe alipostaafu, na ya Durk yaliozea kwenye stoo iliyoingia maji. Kilichobaki ni kidiski kimoja cha plastiki chenye ramani iliyochorwa na Geertje mwenyewe. Ndivyo ofisi yao ya watu wawili ilivyokwenda kwa miaka ishirini na sita: mume alipiga hesabu, mke akachora, na mume akatia saini bila kuangalia mara ya pili, kwa sababu mkono wa Geertje haukuwahi kumwangusha.

Programu aliyoichorea haikuitaka kompyuta mpya hata kwa kubembelezwa. Zilikuwa za koo mbili zisizosikilizana. Ikabidi atengeneze, ndani ya hiyo mpya, kompyuta ya kuigiza, yenye kumbukumbu finyu na uzito wote wa zamani. Hata kalenda yake aliirudisha hadi Machi 1994, maana leseni ya programu ilikwisha siku nyingi, na tangu hapo kila alichokihifadhi humo kilijiandika cha mwezi huo. Majuma matatu sasa alikuwa akifuata ushauri wa watu asiowajua wa mtandaoni, kwa mgongo wa mwanamke wa miaka sabini na mbili. Alikuwa amechoka, tena kuchoka kule ambako usingizi haukuondoi.

Aliiwasha kwa mara ya ishirini. Kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Durk, koti linachuruzika mvua. Wiebe alipoisikia sauti yake alifunga mlango wa jikoni kwa kishindo.

"Shemeji, sikuja kugombana," Durk alisema.

"Basi kaa, usinilowanishie zulia."

Alimpa kahawa na biskuti moja, kisha akafunga kopo.

"Mwanangu ndiye anayeendesha kampuni siku hizi," Durk alisema. "Kesho wakisema niliiba nondo, jina ni hilohilo. Limeandikwa kwenye kila gari lake."

"Na la Wiebe je? Halali, hali, ananung'unika peke yake mchana kutwa."

"Najua. Lakini sita ndizo nilizoziona, na sita ndizo nilizoziweka, palepale zilipochorwa. Niliuliza? Sikuuliza. Nani siku zile alithubutu kumuuliza Wiebe?"

Geertje alicheka bila kutaka. Alipogeuka, kioo cha kompyuta kilikuwa kimeanza kujaa vidoti vya kijivu, na safari hii hakikuzimika.

"Mbona inajikokota hivyo?" Durk aliuliza.

"Hiyo ndiyo mbio yake. Zamani ulikuwa unabonyeza, unakwenda kumenya viazi, unarudi haijamaliza. Ukitaka wepesi, unazima tabaka la nondo, zinapotea kiooni, unaendelea na mengine. Na roshani yenye pande mbili sawa huichori yote. Unachora nusu, unaigeuza kama unavyokunja karatasi, nusu ya pili inakuja yenyewe."

"Uvivu huo."

"Ustadi, Durk. Mvivu ni wewe usiyeuliza."

Durk alitabasamu kidogo, akasimama na kuvaa koti lake bichi. "Ikifunguka nipigie simu. Hata kama itanimaliza, nipigie. Wewe nakuamini."

Alipokwisha kuondoka, ramani ilianza kujichora mstari kwa mstari. Ukuta ulitangulia, ukafuata ukingo, kisha sakafu, nusu mbili zinazolingana sawasawa. Moyo wa Geertje ulikuwa unadunda kwa furaha. Aliwasha tabaka la nondo, nazo zikaanza kutokea kwa rangi nyekundu, moja baada ya nyingine, kuanzia kushoto.

Ilipofika ya sita, mashine ikatulia.

Alingoja. Alingoja dakika nzima, akijiambia kwamba bado inafikiri. Upande wa kulia ulibaki mweupe. Na hapo akaikumbuka siku yenyewe: alivyokuwa na haraka, alivyozima nondo ili mashine iwe nyepesi, akaigeuza nusu, akaziwasha tena ili achapishe. Kilichozimwa hakigeuki. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo.

Mlango wa jikoni ulifunguka taratibu.

"Geertje," Wiebe aliita. "Ngapi?"

Geertje alizichagua zote sita, akabonyeza amri ya kugeuza.

"Kumi na mbili," alimjibu, akahifadhi ramani, nayo ikajiandika ya Machi 1994, kisha akachukua simu kumpigia Durk.