Vizibo Vitatu Juu ya Blanketi

Mama alipanga vizibo vitatu vya soda juu ya blanketi alilojifunika mumewe kitandani. Kila kimoja kilikuwa na herufi iliyochorwa kwa rangi ya kucha: R, G na T.

“Haya, Mzee Kamusi, nipe neno refu lenye hizi zote. Ukishindwa tunakurudisha hospitali. Daktari alisema maneno yakianza kukupotea tusisubiri.”

Mama hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Tangu waoane, yeye hutoa herufi, mumewe hutafuta neno la Kiingereza, kisha mama hupima urefu kwa kuhesabu silabi kwa vidole. Siku moja mzee aliburuta neno moja mpaka chai ikapoa.

Binti yao, mwalimu wa Kiingereza, aliketi ukingoni mwa kitanda na funguo za gari mkononi. Asubuhi baba alimnong’oneza, “Kule sirudi. Niache nifie hapa.”

Mzee alikisugua kizibo cha R kwa dole gumba. Mate yalimtoka upande wa mdomo uliolegea. Kisha akatamka, kwa madaha yake yaleyale, “Gatronderigasheni.”

Vidole vya mama vikamwishia. Akacheka. “Huyu ndiye mume wangu. Lipo hilo, mwanangu?”

Halikuwepo popote duniani. Kutoka chini ya blanketi, mkono wa baba ukambana binti kifundo cha mkono.

“Lipo, mama,” binti akasema. “Refu kweli.”

Mama akamnyang’anya funguo, akazitundika ukutani, akapanga vizibo vingine vitatu.