Kidole Kwenye Kitufe

Tangu alfajiri redio ya upepo ilikuwa ikikwaruza tu. Watu waliokwenda kumtafuta mume wa Mkunde walikuwa wameshavuka kilima, na antena fupi haikuwafikia. Shemeji yake, Kibwana, akafunga waya mrefu kwenye mwanzi, akausimamisha juu ya paa la jiko, akauunganisha na redio.

"Kwa urefu huu, shemeji, tukiwakosa watu tutawapata malaika."

"Malaika nimeongea nao tangu juzi," Mkunde akasema, bila kutabasamu.

Mara mikwaruzo ikakatika. Sauti ikaja safi, kama ya mtu aliye uani.

"Nyumbani, mnanisikia? Tumempata."

Kibwana akampa redio. "Bonyeza uulize hali yake. Ukiachia, watajibu."

Mkunde akabonyeza. "Yu hai?"

Hakuachia. Kidole kikiwa pale, hakuna neno ambalo lingeweza kuingia. Hakusikia hofu wala tumaini. Hata mkono ule aliuona kama wa mtu mwingine.

"Achia, shemeji," Kibwana akasema taratibu.

Ukucha wa Mkunde ulikuwa umegeuka mweupe. Kitaa chekundu cha redio kikaendelea kuwaka.