Mkono Kati ya Nondo

Hakuna aliyemtarajia Mwajabu. Aliwapita watu waliokuwa wakimrushia sokwe maganda ya ndizi, akasimama mbele ya nondo za kizimba.

"Mama, rudi nyuma," alisema Tungaraza, mtunza wanyama. "Huyo anauma."

"Nimemlea mimi, alikuwa akilala mgongoni kwangu. Siku mlipomchukua nilimwahidi kwamba nitakuja kumshika mkono."

Watu wakaangua kicheko. "Bibi kaja kumwona mjukuu!" mmoja alipaza sauti, na simu zikainuliwa. "Mwambie acheze basi, bibi!"

Sokwe hakucheza. Alikuwa amejinyonyoa manyoya ya kifua chote, na alimtazama Mwajabu kama alivyomtazama kila mtu.

"Hakukumbuki, mama," Tungaraza alisema taratibu.

"Mimi namkumbuka."

Akapitisha mkono kati ya nondo. Sokwe akaunusa, kisha akaung'ata. Damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko. Watoto wakapiga makofi, wakidhani ni mchezo. Tungaraza akakimbilia fimbo.

"Usimpige!"

Mwajabu hakujichomoa. Aliingiza na mkono wa pili, akakitafuta kiganja cha sokwe, akakifumbata.