Namba ya Mathilde

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Isidore aligeuka Mathilde.

Alikuwa mzee wa miaka hamsini na sita, mkuu wa maktaba ya chuo kimoja cha Likasi, na miwani yake ilifungwa uzi kwenye mguu mmoja. Lakini mbele ya kompyuta aliandika jina la Mathilde na namba yake ya kuingilia, akafungua makala ya kwanza, akahesabu mpaka thelathini, akaifunga. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Mashine iliorodhesha chini ya ukurasa kila alichofungua. Huko hakutupa jicho kamwe. Hakusoma hata mstari. Alichukua yoyote iliyotangulia. Mwezi wa kumi wote alibaki kwenye samaki, kwa kuwa mtandao ulikuwa dhaifu na jarida la samaki ndilo lililofunguka upesi.

Sababu alikuwa nayo. Majarida yale ya mtandaoni chuo kiliyapata kwa leseni, na leseni ilikuwa na sharti lake: yasiposomwa, yanakatwa. Sasa nani alisoma? Wanafunzi walipenda sillabi za fotokopi, yale maelezo ya walimu. Wafanyakazi wakifungua haikuhesabiwa. Ilitakiwa namba ya mwanafunzi, tena mwanafunzi ambaye hangekuja kuuliza.

Hapo ndipo dhamiri ilipomchoma. Mathilde aliacha masomo ya uuguzi mwaka wa pili, mama yake alipopooza. Siku ya kuondoka alisimama kwenye dirisha la maktaba akiomba.

“Papa Isidore, uniachie tu ile namba. Nitakuwa nasoma ku téléphone, pa nyumba. Hata mwezi moja.”

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Isidore akakaza uso.

“Règlement ni règlement, sheria ni sheria. Leo leo naifunga.”

Msichana akaenda zake analia, na Isidore hakuifunga. Aliibakiza kwa kazi yake mwenyewe. Alijiona kama mtu aliyemnyima jirani maji ya kunywa, halafu akayanawia miguu. Aliona aibu kila asubuhi, na kila asubuhi alifungua tena tatu.

Jumatatu moja mkurugenzi, Madame Adrienne, akaingia maktabani na karatasi mkononi, amechangamka kama siku ya harusi.

“Isidore! Leseni imepona. Tuko na musomaji moja, anaitwa Mathilde. Makala elfu moja na mia mbili ku mwaka moja! Benye leseni balikuwa habaamini. Ijumaa banatuma muntu, anataka kumuona na macho, amuulize alisoma nini.”

Isidore aliipokea karatasi, akaitazama ile hesabu. Yeye alikuwa akichora vijistari kwenye kalenda, na havikuzidi mia sita. Kumbe kila makala imehesabiwa mara mbili. Hata mashine imekuwa mwongo kama mimi, aliwaza.

“Pengine ni mugonjwa,” alijaribu.

“Basi bamubebe. Asipokuya, watasema tulidanganya. Leseni itakatwa, na weye utaenda nayo.”

Alhamisi mchana alipanda baiskeli kuelekea Shituru, kwa akina Mathilde, na njiani akapanga maneno. Angemwomba aje, aseme amesoma, akariri majibu mawili matatu. Yaani alimnyima, akalitumia jina lake, na sasa anakwenda kumwomba amwongopee. Mara mbili alishuka kwenye baiskeli akitaka kurudi.

Alimkuta uani, kwenye nyumba za zamani za kampuni ya migodi, anamlisha mama yake uji. Alipomwona, Mathilde aliangusha kijiko. Akasimama wima, mikono nyuma, kama mtu aliyekutwa na cha wizi. Amekonda, Isidore aliona, na hilo likamzidishia uchungu.

“Papa Isidore,” alisema kwa sauti ndogo.

Yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani. Mama mgonjwa alikuwa anamtazama bila kupepesa.

“Mutoto wangu, nilikukosea. Ile namba yako sikuifunga. Ni miye niko nafungua zile makala kila asubuhi. Na kesho kuko muntu anataka kukuuliza juu yazo.”

Alikaa kwenye kigoda, akasubiri matusi. Alikuwa anayastahili, na angalau yangempunguzia mzigo.

Mathilde alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na machozi yakaanza kumlengalenga.

“Kumbe haukukuya kuifunga! Najua ni weye, Papa. Nilijua tangu siku ya kwanza.”

Akaingia ndani mbio, akarudi na madaftari matano yaliyofungwa kwa kipande cha kitenge. Akamwekea mapajani.

“Siku ile ulinifokea juu tu batu balikuwa banasikiliza. Mangaribi nilijaribu namba, ikafunguka. Na kila siku nilikuta pale chini makala tatu mupya, zenye uliniwekea. Zote nilisoma. Sikuruka hata moja.”

Isidore alifunua daftari la juu. Tarehe, kichwa cha makala, maneno magumu na maana zake, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko mdogo wa mtu anayebania karatasi. Miwani ikajaa ukungu.

“Kintu kimoja tu hakikuingia mu kichwa,” alisema Mathilde, amechuchumaa mbele yake kama mbele ya mwalimu. “Mwezi wa kumi muzima ulinisomesha samaki. Ilikuwa sababu ya nini, Papa?”