Gundi Iliyosikia

Siku hizi gundi yoyote unayonunua hushika maneno yanayosemwa karibu yake inapokauka, na kiungo kikibanduka huyatoa yote, kwa sauti ileile. Ndiyo maana mafundi hufanya kazi kimya. Mimi nilijisahau.

Baba mkwe wangu, Mzee Kitwana, alikuwa akiunda ndege ya mfano. Kwa kuwa macho yake yamefifia, aliniomba nimgandishie mguu wa alumini kwenye tumbo la faibaglasi.

"Umeupiga msasa, mwanangu? Alumini ikiwa laini haishiki."

"Nimeupiga, baba."

Sikuupiga. Alipotoka kwenda kuswali, kaka yangu akanipigia simu, tukapiga soga gundi ikiwa bado mbichi.

Ijumaa ndege iliruka vizuri mbele ya familia nzima. Ilipotua, mguu ukabanduka, ukang'aa kama kijiko kipya. Sauti yangu ikatoka pale nyasini: "Msasa wa nini? Kipofu yule atajulia wapi!" Kikafuata kicheko changu, kirefu.

Mzee akapapasa nyasi mpaka akaupata ule mguu. Akaupitishia kidole.

"Laini," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakuna aliyenigombeza, na chakula nilipakuliwa kama kawaida. Ila tangu siku hiyo mke wangu, Mwanahawa, akitaka kuniuliza jambo, hata kama ni kuniuliza nimekula nini kazini, kwanza hudondosha tone la gundi mezani, ndipo huuliza.